Msamaha na Sitara

Juma hili Wakristo wameingia katika Kwaresima, siku zao 40 za kufunga na kujihoji nafsi, na majivu waliyopakwa Jumatano katika vipaji vya nyuso yamekwisha kufutika. Basi nimeona si vibaya, kabla wahubiri hawajaijaza hewa kwa maonyo, nizungumze nanyi taratibu juu ya watu ambao Jumatano ile hawakuonekana kanisani. Sisemi juu ya wale walioacha dini kwa kuwa akili zao ziliingiwa na shaka, wakasoma, wakabishana, wakakata shauri kwamba hakuna Mungu. Hao wana hoja zao, nao huzitetea hadharani bila ya kuinamisha macho. Nasema juu ya yule aliyeacha kwenda kanisani ilhali bado anaamini kila neno la Kanuni ya Imani, anayezima redio wimbo wa Pasaka unapopigwa kwa kuwa unamliza, na anayeshika njia ya nyuma, kupitia mashamba ya watu, ili asikutane na padri. Huyu hakutolewa na shaka. Ametolewa na aibu.

Aghalabu mambo huanza kwa moyo kuvunjika. Mke ameondoka, au mume amehamia kwa mwingine katika mtaa uleule. Binti amepewa mimba na aliyemwahidi ndoa, naye aliyemwahidi ndoa amepata kazi mji wa mbali wala haandiki. Na kwa Wakristo jambo la ndoa si siri ya watu wawili, kwa kuwa hutangazwa: Jumapili tatu mfululizo majina ya wachumba husomwa mbele ya waumini, na watu huulizwa kama yuko ajuaye kizuizi, hata mzee kiziwi wa benchi la mbele naye akapata habari. Basi kitu kilichotangazwa mara tatu, kikivunjika, huvunjika mara tatu.

Nayajua haya kwa kuwa yamenipata. Zamani, nilipokuwa kijana, nilifundisha shule katika kijiji kimoja upande wa Muheza, chini ya milima ya Usambara, na Jumapili nikapiga kinanda na kuongoza kwaya, nikaitwa Mwalimu na wakubwa na wadogo, jina ambalo kwa umri wangu wa wakati ule lilinipwaya kama koti la baba. Nikaposa, nikakubaliwa, mahari ikatolewa nusu na nusu ikaahidiwa, matangazo yakasomwa Jumapili ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mama yangu akanunua magunia mawili ya mchele akayasukuma chini ya kitanda chake. Siku nane kabla ya arusi akaja mjomba wa mchumba wangu, akakaa mkekani, akanywa maji, akazungumza juu ya mvua kwa muda mrefu usiokuwa wa kawaida, nami nikajua kabla hajasema. Mpwa wake alikuwa amekwenda Mombasa na mtu mwingine. Simlaumu leo, alinusurika na mume ambaye, kama mtakavyosikia, hakuwa bora sana.

Jumapili iliyofuata padri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni, akasimama mahali palepale aliposomea matangazo, akawaarifu watu kwamba ndoa ile haitafungwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ileile ya kutangaza zamu za kufyeka majani. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kinanda, mgongo nimewapa watu, vidole viko tayari kwa wimbo wa kutolea sadaka, na sikuona hata jicho moja, lakini niliyahisi yote mgongoni kama mtu ahisivyo jua la saa nane. Nikaupiga wimbo, nikakosea mahali ambapo sijapata kukosea. Wali wa arusi ile tuliula nyumbani kwa miezi minne, mimi na mama, bila ya kutaja ulikotoka.

Sikuacha kanisa siku ile. Watu hawaachi kwa siku moja. Kwanza niliacha kubaki uwanjani baada ya ibada, kwa kuwa kubaki ni kuulizwa hali. Kisha nikawa naingia baada ya kengele na kutoka kabla ya baraka. Kisha kwaya nikamwachia mwingine. Kisha nikavumbua kwamba kilabuni kwenye tembo hapana mtu akuulizaye kitu, maadamu umelipa. Baadaye nikakaa na mwanamke mmoja bila ya ndoa, nikampa ahadi zilezile nilizopewa mimi, nikamwacha kwa namna ileile niliyoachwa, ila mimi sikumpelekea hata mjomba. Hilo ndilo linaloniuma hata leo kuliko lile la kwanza, na hapo ndipo penye ugumu wa mambo haya: mtu huingia katika aibu akiwa ametendwa, na kabla hajajua amekwisha kuwa mtenda, hata siku atakapo kurudi hajui apitie mlango wa waliodhulumiwa au mlango wa waliodhulumu.

Lugha yetu, ambayo imelelewa katika miji ya pwani, mahali watu wanapoishi ukuta kwa ukuta, si maskini katika jambo hili. Kuna haya, ambayo ni pambo la mtu, na asiyekuwa nayo twamwogopa. Kuna soni, inayomfanya mwari ainamishe uso. Kuna tahayuri, inayompata mtu kwa ghafla na kupita. Kuna aibu, inayokaa. Na kuna fedheha, ambayo ni aibu iliyotolewa uani ikaanikwa barazani. Sasa angalieni dawa zake. Mwenye dhambi twamwambia atubu, naye humwomba Mungu maghufira; mwenye deni twamwambia alipe; lakini mwenye aibu hatumwambii atubu wala alipe, bali twamwombea asitiriwe. Sijapata kumsikia Mswahili akisema, “Nisamehe aibu yangu.” Husema, “Nisitiri.” Na toba mtu aweza kuianza peke yake, usiku, kitandani mwake, lakini sitara lazima atoke mwingine aje nayo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wamesema wazee, na mwosha mwema huzikwa nayo.

Nakhofu kwamba makanisa yetu, ambayo kwa dhambi yana dawa kabatini yenye maandishi na vipimo, kwa aibu yana mkono mzito. Sidharau marudi ya kanisa. Mtu aliyeanguka hutengwa na Meza ya Bwana kwa muda, hufundishwa, kisha hurudishwa kundini mbele ya wenziwe. Na utaratibu huo una maana yake, kwa kuwa dhambi huwaumiza wengi, na wengi wana haki ya kuona kwamba jambo limetengenezwa. Lakini nani kati yenu hajapata kuona Jumapili ya kurudi kundini, binti aliyezaa kabla ya ndoa akisimama mbele peke yake, mtoto mgongoni, kiatu kimoja kikisugua kingine, ilhali kijana mwenye mtoto yule amesimama katika safu ya besi akiimba? Dhambi ilikuwa ya wawili; fedheha akagawiwa mmoja. Msamaha umetolewa, sikatai, ila binti yule amesamehewa na kufedheheshwa kwa tendo moja. Wakati mwingine hujiuliza kama tumesahau kanisa la Mkunazini, kule Unguja, lilijengwa mahali gani. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa papo hapo, mahali ambapo binadamu walikuwa wakisimamishwa na kupimwa kwa macho ya wanunuzi. Ingekuwa ajabu macho yale tukiyarudisha ndani, tukayapa viti vya mbele.

Ugomvi juu ya namna ya kumpokea anayerudi ni wa zamani, na mmoja mkubwa kabisa ulitokea katika bara letu hili. Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu watoe kafara kwa miungu ya dola mbele ya mashahidi na kupewa hati. Zaidi ya hati 40 za namna hiyo, zilizoandikwa juu ya mafunjo, zimepatikana katika mchanga wa Misri. Huko Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, Wakristo wengi walitoa kafara kwa hofu, na wengine, wajanja zaidi, walinunua hati bila ya kutoa kafara. Mateso yalipopoa wakaja wote mlangoni. Wako waliotaka wapokewe siku ileile bila ya swali; wako waliosema wasirudishwe kamwe, na huko Roma padri Novatian akawa kiongozi wa hao hata akajitenga. Sipriano, Askofu wa Karthago, na maaskofu wenziwe waliokutana mwaka 251, walishika njia ya katikati: kila mtu asikilizwe kwa hali yake, maana aliyenunua hati si sawa na aliyetoa kafara, wala aliyeburutwa si sawa na aliyekimbilia. Nami hupenda kukumbuka jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka, kwamba Sipriano mwenyewe, wakati wa dhiki ile, alikuwa amejificha nje ya mji, na maneno ya watu juu ya kujificha kwake yalimfikia. Mwaka 258 alisimama mbele ya liwali wa Kirumi akakatwa kichwa, na hapana aliyemwita mwoga tena. Lakini alipokuwa akiamua kesi za walioanguka, siku hiyo ilikuwa bado mbele, na aliyekuwa akiamua ni mtu ajuaye joto la kusemwa.

Atasema mtu: mzee huyu atufundisha kufunika uovu, na wahenga wamenena kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli wamenena, wala sishindani nao. Lakini kuficha ni kazi aifanyayo mwenye jambo, kwa hofu, na kila siku hana budi kuifanya upya. Kusitiri ni kazi aifanyayo mwenziwe, kwa huruma, nayo ikisha kufanyika yule mwenye jambo hupata pumzi ya kusema ukweli wake. Aliye uchi haungami. Hutafuta nguo kwanza. Itazameni Injili ya Luka, mlango wa 15. Yule mwana mpotevu alitunga hotuba yake kule kwenye nguruwe, akaikariri njiani, nayo ilikuwa na sehemu tatu: kwamba amekosa, kwamba hastahili tena kuitwa mwana, na kwamba afanywe kama mmoja wa vibarua. Sehemu mbili za kwanza alizisema. Ya tatu hakuifikia, kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha kugeuka kuwaamuru watumwa walete joho. Wahubiri hupenda kumzungumza ndama, nami sina neno na ndama. Lakini ndama hukamatwa, huchinjwa, huchunwa, hupikwa, mambo ya saa nyingi. Joho ndilo lililotajwa kwanza, mwana akali katika matambara yenye harufu, nyumbani hajaingia. Na baba yule alikimbia. Mzee mwenye mali na vazi refu hapigi mbio njiani ila nyumba ikiwa inaungua, na wote waliokuwapo kumtazama mwana bila shaka waligeuza macho kumtazama baba.

Hata Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu, hakuanzwa kwa maswali. Injili ya Yohana yataja moto wa makaa mara mbili tu: mara moja uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, pale Petro alipokuwa akiota moto na kukana, na mara ya pili ufukoni, alfajiri, baada ya kufufuka. Kila aliyepata kuvunjika moyo ajua nguvu ya harufu, jinsi sabuni fulani au mafuta fulani ya nywele yanavyoweza kumrudisha mtu papo hapo mahali alipoapa kutopakanyaga. Nami siwezi kuamini kwamba Petro hakuusikia moshi ule. Na mlikwisha kuona kwamba alipojitupa baharini kuogelea pwani alijifunga vazi lake kwanza? Waogeleaji huvua; yeye alivaa. Akafika akitiririka maji, akapewa mkate, akapewa samaki, wakala. Maswali matatu, ya kupendwa na kupenda, yalikuja baada ya kula.

Ndugu wa uamsho, ambao tangu miaka ya 1930 walienea kutoka Rwanda na Uganda mpaka kwetu, humsema aliyeanguka kwamba amerudi nyuma, na akija tena husema amerudi kundini. Neno ni moja kwa kwenda na kwa kuja, na lina kazi nyingine zaidi, kwani baba humrudi mwanawe aliyekosa, na nguo ikifuliwa vibaya nayo hurudi. Nimeliwaza sana neno hili, wala sitalitolea falsafa. Mimi niliungama kwa padri, nikapewa marudi ya miezi sita, nikayatimiza. Na yule mwanamke niliyemdhulumu nikamfuata hadi kwao kumwomba radhi mbele ya kaka zake, naye akakataa kunisamehe, na haki ilikuwa yake. Yote hayo ni habari ya toba, na habari za toba mmezisikia nyingi. Lakini yasingekuwapo kama si jambo dogo lililoyatangulia, nalo nalisimulia hewani kwa mara ya kwanza kwa kuwa mwenyewe sasa ni marehemu.

Usiku wa mkesha wa Pasaka, katika mwaka wa nne wa kutoonekana kwangu, nilitoka kilabuni nikaanguka mtaroni kando ya njia ya kanisani, na hali ya nguo zangu sina haja ya kuieleza. Nilikuwa Nuhu asiye na safina. Baada ya muda si mrefu watu wangetoka kanisani, kila mtu na mshumaa wake, wakiwamo watoto niliokuwa nikiwafundisha kuimba. Nilipozinduka kumekucha, umande umenilowesha miguu, nami nimefunikwa kanga toka utosini mpaka magotini, pembe zake zimebanwa kwa mawe manne ili upepo usiifunue. Siku ya pili nikasikia dukani watu wakisimuliana kwamba usiku wa mkesha walimpita mwanamke mmoja amelala mtaroni, maskini, yamkini msafiri aliyekuwa akienda hospitali.

Kanga ile ilikuwa mpya, ya kutokea. Niliichemsha kwa sabuni na magadi, mara tatu, kwa mikono ya mtu asiyejua kufua, mpaka matope yakatoka. Jina lake nikalisoma, wala sitalitaja, kwa kuwa maneno ya kanga ni ya wenyewe. Nikaikunja nikaitia sandukuni, ikakaa karibu mwaka. Kisha, katika matanga ya jirani, nikaiona ya pili yake. Kanga huuzwa mbili-mbili, na mwanamke anayejiheshimu hatoki na moja. Bibi mmoja mjane, ambaye ndiye aliyekuwa akifagia kanisa, alikuwa amejifunga kiunoni kanga ya namna nyingine kabisa na mabegani amejitanda pacha wa ile yangu, na shoga yake mmoja, kwa utani wa wazee, akamwuliza mbele ya watu, mwenziwe yuko wapi.

“Yuko safarini,” akajibu bibi, wala hakutupa jicho upande wetu wanaume.

Jumamosi ya juma lile, nayo ilikuwa Kwaresima kama hivi, niliifunga kanga katika gazeti nikaenda kanisani mchana, saa ambayo nilijua hapana watu. Bibi alikuwa peke yake, amekunja nguo, anasugua sakafu. Nikamwamkia, akaitikia, “Marahaba, Mwalimu.” Muda wa miaka mitano nilikuwa sijaitwa jina hilo. Nikasimama kizingitini na maneno niliyoyatayarisha tangu usiku, nayo pia, nakumbuka, yalikuwa na sehemu tatu. Nikaanza ya kwanza. Bibi akafuta mikono, akakitwaa kifurushi, akaikunjua kanga, akaiteremsha na ile ya mabegani, akazilinganisha pindo kwa pindo, akanyoosha mikono mpaka mwisho. Yangu ilikuwa imepungua upana wa vidole vinne.

“Imerudi,” akasema, akaitupa begani. Kisha akaniambia nishike upande wa pili wa benchi.